Chevelle ya 1969: breki kwanza, injini baadaye

Mtu anayetaka kuweka injini ya kisasa katika gari la Kimarekani la miaka ya 1960, yale magari ambayo wenyewe huyaita ya misuli, kwa kawaida huanza kwa kuisaka injini. Akishaipata hutafuta giaboksi, na fedha zinapokaribia kwisha ndipo anapokumbuka breki. Naamini utaratibu huo umekaa kinyume. Chevelle Malibu ya 1969 ninayoitunza hapa Ohio niliifanyia kazi ya breki kwanza hadi ikakamilika, nikaiendesha kwa injini yake ya zamani, na ndipo nikaanza kuulizia injini nyingine.

Malibu ya kawaida yenye silinda nane ilitoka kiwandani na injini ya inchi za ujazo 307, yaani lita 5.0, ambayo Chevrolet ilitangaza kuwa ina nguvu za farasi 200. Breki zake zilikuwa za dramu kwenye magurudumu yote manne, isipokuwa mnunuzi alipe zaidi apate diski za mbele. Dramu hizo husimamisha gari vizuri mara ya kwanza, tena vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini udhaifu wake hujitokeza dereva anapofunga breki mara ya tatu au ya nne mfululizo kwenye mteremko. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyomo ndani yake, hivyo pedali huzidi kushuka huku msuguano ukipungua, na joto lenyewe halina njia rahisi ya kutoka kwa sababu sehemu zote zinazosuguana zimefungiwa ndani. Maji yakiingia baada ya kupita kwenye dimbwi, hali huwa mbaya zaidi, kwani gari linaweza kuvuta upande mmoja bila kutoa onyo lolote. Diski imekaa wazi hewani, hupoa haraka, hujikausha yenyewe, na inapotanuka kwa joto huisogelea pedi badala ya kuikimbia.

Suala hili lina uzito kwa sababu nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile lililo kwenye kilomita 50, na nishati hiyo yote lazima igeuzwe kuwa joto kwenye magurudumu. Anayeongeza nguvu za farasi mia moja bila kugusa breki anakuwa amelipatia gari uwezo wa kufika haraka kwenye mwendo ambao breki zake haziwezi kuuhimili.

Kubadilisha dramu za mbele kuwa diski si suala la kufungua bolti na kufunga nyingine tu. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa, nyingi za mfumo wa dramu zina vali ndogo ndani yake inayobakiza shinikizo la takribani pauni 10 kwa inchi ya mraba kwenye mabomba, ili mipira ya silinda za magurudumu ikae imebana na hewa isiingie. Vali hiyo ikiachwa kwenye mfumo wa diski, pedi hubaki zimeigusa diski muda wote, breki hupata moto, na fundi huanza kuilaumu kalipa, yaani kibano kinachozibana pedi kwenye diski, ambayo haina kosa. Kwa hiyo masta silinda hubadilishwa pamoja na diski. Hubadilishwa pia vali ya kugawa shinikizo kati ya mbele na nyuma, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito wake huegemea mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Yakipata shinikizo kubwa mno yatafunga kabla ya yale ya mbele, na gari litazunguka, nyuma ikitangulia mbele. Dramu za nyuma zinaweza kubaki kwa matumizi ya kawaida ya barabarani, mradi vali iwe ile iliyotengenezwa kwa diski mbele na dramu nyuma.

Busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, nayo ina masharti yake. Inafanya kazi kwa injini kunyonya hewa kutoka ndani yake, na injini iliyowekewa kemshafti kali, yaani mhimili unaozifungua vali kwa upana na muda mrefu zaidi, hainyonyi vya kutosha ikiwa kwenye sailensa, ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, jambo linalomwacha dereva na pedali ngumu wakati hasa anapoihitaji iwe laini. Hiyo ni sababu moja niliyoamua mapema kwamba injini yangu itabaki na kemshafti yake ya kiwandani. Mipira ya breki ya zamani, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu, nayo itupwe bila huruma hata kama kwa nje inaonekana mizima, kwa kuwa huvimba kwa ndani na kuziba, ikaruhusu shinikizo kwenda lakini isiruhusu kurudi. Tena, kabla ya kununua chochote, mtu apime rimu zake: diski za inchi 12 au 13 hazitaingia kwenye rimu za inchi 14 zilizokuja na gari hili, na watu wengi hugundua hilo baada ya mzigo kufika nyumbani.

Injini niliyoichagua ni LM7, ya lita 5.3, iliyofungwa kwenye malori madogo ya Chevrolet Silverado na ndugu zake kuanzia 1999. Ni ya ukoo uleule wa LS1 iliyotokea kwenye Corvette ya 1997, ila bloku yake ni ya chuma badala ya alumini, na kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi mkubwa inapatikana kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu. Chevrolet iliihesabu kuwa na nguvu za farasi kati ya 270 na 295 kutegemea mwaka. Tofauti na zile 200 za injini ya zamani ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni ya Marekani yalipima injini ikiwa juu ya stendi bila kisafisha hewa, bila ekzosi kamili na bila vifaa vinavyoivuta nguvu. Vipimo vya leo huchukuliwa injini ikiwa na mizigo yake yote.

Kuiingiza kwenye Chevelle ni kazi inayojulikana vizuri, na vibao vya kuunganisha maunti za zamani, yaani vishikio vya injini, na bloku mpya vinauzwa tayari. Sampu ya lori, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini, ni ndefu mno kwa gari hili, huning'inia chini ya chasisi, hivyo ni lazima kununua sampu fupi. Kompresa ya kiyoyozi, mahali ilipokaa kwenye lori, hugongana na chasisi. Vichwa vya injini hizi vina matundu madogo ya kutolea mvuke ambayo yanapaswa kuunganishwa kwa bomba hadi kwenye rejeta. Akiyaziba mtu kwa kutaka usafi wa macho, mvuke hukusanyika juu ya silinda na injini hupata joto ambalo geji haitalionyesha kwa wakati.

Petroli nayo inahitaji mpango mpya. Kabureta huridhika na pauni 6 hivi kwa inchi ya mraba, ilhali sindano za LM7, zile zinazonyunyizia petroli, zinataka pauni 58. Pampu bora ni ile inayokaa ndani ya tangi, inayopozwa na petroli yenyewe, na kwa upande wa shinikizo mafundi wengi hutumia kichujio cha Corvette ya 1999 hadi 2003, ambacho kina regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo, ya pauni 58 humohumo ndani. Ni kifaa kimoja cha bei nafuu kinachofanya kazi ya viwili, na sijaona sababu ya kutafuta kingine.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatushangazwi na injini kuhamishwa, kwani Land Rover kuukuu inayotembea kwa dizeli ya Toyota ni jambo la kawaida kwa mafundi wetu, na ujuzi wao nauheshimu sana. Kilicho tofauti hapa ni kompyuta. Dizeli ya zamani inahitaji waya chache sana ili iwake na izimike, lakini LM7 haina distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa silinda. Kila silinda ina koili yake, na kompyuta huamua wakati wa kuwasha kwa kusoma gurudumu lenye meno 24 kwenye kreki, yaani mhimili mkuu wa injini. Kompyuta hiyohiyo inatarajia kuongea na mfumo wa kuzuia wizi wa lori ambalo halipo tena, hivyo ni lazima programu yake irekebishwe ili iusahau mfumo huo, la sivyo injini itawaka kwa sekunde chache na kuzima. Waya za lori zinaweza kupunguzwa na mtu mwenye subira na michoro sahihi, kazi ambayo mimi huipenda kuliko zote.

Giaboksi niliyoitumia ni 4L60E, ya otomatiki yenye gia nne, iliyokuja na injini yake. Gia yake ya nne ina uwiano wa 0.70, kwa hiyo kwenye barabara kuu injini huzunguka kwa asilimia 30 chini ya vile ambavyo ingezunguka kwa gia ya moja kwa moja ya Powerglide, giaboksi ya otomatiki ya zamani ya Chevrolet yenye gia mbili. Difu ya kiwandani bado ipo, na kwa matairi ya kawaida naona itastahimili.

Bodi sikuikata mahali popote, na injini ya 307 nimeihifadhi ikiwa na mafuta ndani ya silinda. Malibu za namna hii zilitengenezwa nyingi, kwa hiyo historia haipotezi kitu. Mwenye SS 396, yaani Chevelle ya michezo iliyotoka na injini kubwa zaidi, ambayo namba za injini zinalingana na za bodi nisingemshauri aiguse injini hiyo kabisa. Kwake ningefanya diski za mbele, masta silinda mpya na mipira mipya, kisha dramu zake za asili ningeziweka kwenye sanduku zikiwa na majina ya upande zilikotoka.