Mshipa umeondoka, alama imebaki

Mimi ni msusi, saluni yangu iko huku Majengo, rasta za kichwa kimoja tu zinaweza kula masaa sita na zote nimesimama. Mama yangu ana mishipa ya miguu, na mimi baada ya mtoto wa pili ikanitoka, nyuma ya goti la kushoto kushuka kwenye kigimbi, mingine ya bluu imevimba kidogo, mingine myekundu myembamba kama nyuzi. Jioni mguu mzito utadhani nimefungiwa tofali. Wifi yangu akasema, "Si unavaa dera, nani atauona?" Haya, lakini uzito dera halifuniki.

Hospitali wakaanza na ultrasaundi nikiwa nimesimama, wanaangalia kama vali za mshipa mkubwa, vile vimilango vinavyozuia damu isirudi chini, zinavujisha, maana kama zinavujisha halafu ukachoma sindano vimishipa vidogo ni kupiga deki huku bomba linamwaga. Wangu mkubwa ulikuwa mzima. Ndo nikachomwa. Sindano zenyewe nyembamba, dawa inaitwa polidokanoli, kazi yake ni kuunguza ukuta wa ndani wa mshipa ili unatane, damu itafute njia nyingine, mshipa unakuwa kovu na mwili unaumeza taratibu. Nilihesabu michomo kumi na moja nikaacha, inauma kama siafu, inapita. Kisha soksi za kubana na kutembezwa korido nusu saa. Nilifanya Julai makusudi, baridi na upepo wa Dodoma unazivumilia soksi, ingekuwa Oktoba ningezitupa siku ya pili.

Faida ipo, sitadanganya. Wiki ya sita nyuzi nyingi zilishafifia (mishipa minene kidogo inachukua hata miezi mitatu minne) na ule uzito wa jioni umepungua sana. Ila hii haizuii mipya kutokea, kazi yangu ni ileile ya kusimama.

Sasa ngozi. Mvilio ulikuja ukaondoka, halafu pale mshipa ulipokuwa ukabaki mstari wa kahawia, umenyooka vilevile, yaani nimebadilisha bluu kwa kahawia! Kumbe mshipa ukiungua damu inavujia kwenye ngozi na chuma kilichomo kinabaki pale. Kwa wengi hufifia ndani ya miezi sita mpaka mwaka, wachache zaidi ya hapo. Sehemu moja pia ilifanya kauvimbe kagumu kanauma, niliporudi daktari akakatoboa kwa kasindano akakamua, ikatoka damu nyeusi nzito kama oili chafu ya gari. Wanasema ikikamuliwa mapema alama nayo inapungua. Na karibu na kifundo vimeota vimishipa vyekundu vipya kama manyoya, hivyo navyo vinajulikana, mara nyingi vinaondoka vyenyewe.

Kilichoniudhi ni fomu, kurasa mbili za kizungu, napewa nisaini nimeshapanda kitandani, naambiwa "alama kidogo tu mama". Hakuna aliyeniuliza ngozi yangu ikoje. Mimi chunusi moja inaniachia doa miezi, ngozi zetu nyeusi ndizo hizo, ningeulizwa ningesema! Ningeomba waanze na kipande kidogo kwanza tuone.

Mteja mmoja akaniletea krimu ya kung'arisha, nikaikataa, mkorogo juu ya ngozi iliyotoka kuchomwa hapana.

Kuna baya zaidi ambalo mimi halikunipata, ni nadra: dawa ikimwagikia nje ya mshipa au ikiingia kwenye ateri ndogo (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni), ngozi ya pale inakufa, unapata kidonda kinachochelewa kupona na kovu juu. Ndo maana sitaki kusikia habari za mtu anakuja kukuchoma nyumbani. Aleji pia ipo, na damu kuganda kwenye mshipa wa ndani, kigimbi kikivimba na kuuma au pumzi ikakata usisubiri asubuhi. Mjamzito asubiri ajifungue. Ile dawa ya povu ya mishipa mikubwa kuna watu inawaletea kichwa na macho kuona maruweruwe kwa muda.

Mwezi wa nane huu tangu nichomwe. Juzi mtoto wa mteja kakaa chini ananifuatisha ule mstari kwa kidole, "Shangazi, umejichora na wanja?" Nikamwambia ndiyo, na haufutiki kwa maji.