Siku moja maishani mwangu: si kila gamba ni soriasisi

Saa 2 asubuhi, kliniki ya ngozi. Mgonjwa wangu wa kwanza ni mama aliyetibiwa ukurutu (ekzema) kwa miaka miwili, kumbe ana soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi usioambukiza. Ananinyooshea viwiko: mabaka manene, kingo zake wazi kabisa, juu yake magamba makavu yenye rangi ya fedha. Ngozi yake ni nyeusi, kwa hiyo mabaka ni ya zambarau iliyoingia kijivu. Aliyezoea kutafuta wekundu tu hulikosa hili, na hutokea mara nyingi mno.

Viwiko havinitoshi. Natazama kichwani, nyuma ya masikio, kitovuni, kisha nazishika kucha zake kwenye mwanga. Tatu zina vishimo vidogo, kama zimedonolewa kwa ncha ya sindano.

"Hizo ni za kufua, daktari."

"Hapana, mama. Ni ugonjwa uleule." Namuuliza kuhusu viungo. Akiamka, vidole hukaza karibu saa nzima. Soriasisi ikishaingia kwenye viungo huweza kuviharibu kwa kudumu, kwa hiyo leo hii namwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa viungo.

Saa 4. Mtoto wa miaka mitano. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imechubuka kwa kukunwa, na huwezi kusema baka linaishia wapi. Huu ndio ukurutu. Muda mwingi unakwenda kumwonyesha mzazi namna ya kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Saa 5 na nusu. Kijana amepaka krimu ya steroidi, inayotuliza mwasho bila kuua fangasi, kwenye choa kwa miezi. Ule mduara umepoteza sura na umeenea paja zima. Nakwangua pembezoni, natia tone la potasiamu haidroksaidi, kemikali inayoyeyusha ngozi ili fangasi waonekane, naweka kwenye darubini: nyuzi za fangasi zimejaa. Inaniuma, maana kipimo hiki kingeweza kufanywa tangu siku ya kwanza.

Saa 8 mchana. Dada mwenye vipele vilivyofuata mistari ya mbavu, baada ya baka moja kubwa kutangulia. Ni pitiriasisi rosea; kwa kawaida huisha yenyewe baada ya wiki 6 hadi 8. Hata hivyo naagiza damu ipimwe kaswende, kwa sababu vipele vya kaswende huweza kufanana na hivi.

Saa 9 na nusu. Fundi ujenzi, viganja vyote viwili vimekuwa vigumu na kupasuka. Kucha safi, magoti safi, fangasi hakuna. Inaweza kuwa soriasisi, inaweza kuwa ukurutu wa saruji. Namweleza wazi kwamba kwa macho siwezi kuamua, na kwamba viganjani hata kipande cha ngozi kinachopimwa maabara wakati mwingine hakikati shauri. Anakubali. Napiga ganzi, nachukua kipande cha milimita 4, nashona uzi mmoja. Atarudi baada ya wiki mbili.