Siku yangu moja Cragside, nyumba iliyopata taa kwa nguvu ya maji

Saa moja asubuhi. Natoka Rothbury, kijiji kilicho bondeni, napanda kilima kwa miguu kwenda kazini Cragside, ambako natunza vyumba na vyombo vya nyumba. Huku ni Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, na mvua ya huku haina vuli wala masika. Wageni hudhani msitu huu ni wa kale. Wapi! William Armstrong, mvumbuzi na mwenye kiwanda aliyeijenga nyumba hii, alipoanza kujenga hapa mwaka 1863, kilima kilikuwa mawe na vichaka vya porini. Misonobari yote hii mirefu ilipandwa kwa amri yake. National Trust, shirika linalomiliki nyumba sasa, linasema miti na vichaka vilivyopandwa vinapita milioni 7.

Saa mbili. Nafungua mbao za madirisha chumba kimoja kimoja, kidogo tu, maana jua ni adui wa mazulia na hariri. Nasoma vipima unyevu, nakagua mitego ya vijidudu wanaokula sufu. Kisha vumbi. Brashi ya nywele laini mkono huu, mpira wa mashine ya kufyonza mkono ule, na mdomo wake nimeufunga chachi ili kikibanduka kipande cha rangi kisimezwe.

Saa tatu na nusu. Maktaba, chumba nikipendacho kuliko vyote. Mjue kwanza kwamba Armstrong alianza kama wakili. Siku moja akiwa mtoni anavua samaki aliona gurudumu la maji likizunguka, akawaza ni nguvu kiasi gani inapotea bure. Wazo hilo halikumtoka. Akaunda winchi za bandarini zinazoendeshwa kwa msukumo wa maji, akafungua kiwanda Elswick, Newcastle, na uwakili akauacha.

Hapa Cragside aliziba vijito, akapata maziwa. Mwaka 1878 maji ya ziwa la Debdon yalizungusha mtambo ulioleta umeme nyumbani kwa waya, umbali unaozidi kilomita moja, ukawasha taa moja ya tao, yaani inayong'aa kwa cheche ya umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni, kwenye ukumbi wa picha. Taa ile ilikuwa kali mno. Miaka miwili baadaye akaweka balbu za rafiki yake, Joseph Swan. Maktabani ziliwekwa juu ya vyombo vya shaba vilivyonakshiwa, na umeme ulipita katika mwili wa chombo chenyewe hadi kwenye zebaki, metali ya majimaji inayopitisha umeme, iliyokuwa chini yake. Swichi hakuna. Ukitaka giza, unakinyanyua chombo. Ukitaka mwanga, unakirudisha mahali pake. Kila nikivipitishia brashi namfikiria mtumishi wa kwanza aliyeambiwa akinyanyue.

Mimi ni mtu wa Unguja, nimekua nikisikia sifa za Beit-al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, la kwanza kwetu kuwa na umeme. Kumbe miaka ileile tajiri wa huku naye alikuwa akiwashangaza wageni wake kwa taa.

Saa tano. Milango inafunguliwa, watu wanamiminika. Wengi hukimbilia jikoni kuona mshikaki wa kuchomea nyama uliokuwa ukigeuzwa kwa nguvu ya maji, na lifti iliyoendeshwa vivyo hivyo. Chini kuna hamamu ya Kituruki. Watoto huuliza choo kiko wapi.

Saa saba. Chakula, na simu ya mama.
“Shikamoo mama.”
“Marahaba mwanangu. Bado unawafutia vumbi Wazungu?”
“Bado, mama.”
“Haya, usisahau kula.”

Saa nane. Niko sebule kubwa, iliyokamilishwa kumpokea Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja Agosti 1884. Meko yake ya marumaru ina uzito wa karibu tani 10. Inasimama kwa sababu Richard Norman Shaw, msanifu aliyeigeuza nyumba ndogo ya wawindaji kuwa jumba hili, alikijenga chumba kwa kukiegemeza kwenye mwamba. Kwa ladha yangu meko imezidi, kama bibi harusi aliyevaa dhahabu ya ukoo mzima.

Mzee mmoja ananiuliza, “Pesa hizi zote zilitoka wapi?” Namjibu: winchi, madaraja, meli, na mizinga. Mizinga zaidi. Wakati wa vita vya Crimea Armstrong alibuni mzinga mwepesi unaopakiwa risasi kwa nyuma, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani silaha zake zilifika pande zote mbili. Wakuu kutoka Uajemi, Siam, Uchina na Japani hawakuletwa huku na maua ya bustani peke yake. Mzee anaguna. Sipendi kukipitisha kisa hiki harakaharaka eti kwa kuwa chumba ni kizuri.

Saa kumi na moja. Tunafunga. Armstrong alifia humu mwaka 1900, akiwa na miaka 90, bila mtoto. Mali ikaenda kwa mjukuu wa dada yake, na mwaka 1977 nyumba ikafika mikononi mwa National Trust.

Narudi kwa njia ya ziwa Tumbleton, ilipo parafujo kubwa ya Archimedes iliyowekwa mwaka 2014. Maji yanashuka ndani yake, inazunguka, na umeme wake unasaidia taa za nyumba. Mvua imeanza tena. Kwa mtambo huu hiyo ni habari njema, kwa viatu vyangu sivyo.