Samaki Mwenye Kijiti

Mama aliishi Karagita, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, miaka 19 na hakuwahi kupanda boti hata siku moja. Nilikuja kulijua hilo Jumamosi iliyopita, tukiwa tumesimama ufuoni Naivasha, kijana wa boti akimfunga kamba za jaketi la kujiokoa. Mama alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, "Kijana wangu, mimi haya maji nimeyaangalia tu."

Nilishtuka. Mimi nilizaliwa pale pale mwaka 1992, katika chumba kimoja cha mabati. Ukitoka mlangoni na kupanda juu ya jiwe la kufulia, uliliona ziwa. Siku zote nilidhani watu wazima wanalijua. Lakini nikizihesabu saa za Mama, sioni angelijua saa ngapi. Alitoka Vihiga, magharibi mwa Kenya, mwaka 1989 kuja kutafuta kazi ya maua, akaipata, na tangu hapo basi la kampuni lilimchukua kabla jua halijatoka na kumrudisha jua likizama. Alikuwa pakihausi, banda la kupanga na kufunga maua, kwenye meza ya kugredi waridi. Kila shina linapimwa urefu kwenye ubao wenye mistari: sentimita 40, 50, 60, 70. Yakishafungwa yanaingia chumba cha baridi, kisha uwanja wa ndege Nairobi, kisha mnadani Uholanzi. Wiki za kabla ya Valentine tulikuwa tunalala bila kumwona na kuamka tukakuta ameshatoka. Siku yake ya mapumziko ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya kufua, ya kanisa na ya kutusuka nywele. Tena ufuo karibu wote ulikuwa na seng'enge. Njia za kufika majini ulizihesabu kwa vidole.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tuliondoka Naivasha, kama walivyoondoka wengi waliotoka magharibi, na mifuko miwili na jiko. Hayo nitayaandika siku nikiweza. Mama hakuwa amerudi tena.

Sasa anaishi nami Nakuru. Huku nako tuna ziwa, na wakati mmoja ukitazama kutoka juu mjini uliona utepe wa rangi ya waridi umelizunguka: heroe, ambao wengi tunawaita flamingo. Maji yalipopanda, magadi yakazimuliwa, chakula chao kikapungua, na wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mama hajalizoea hilo. Kila tukipita mahali panapoonyesha ziwa anauliza, "Ndege wako wapi?" Nimemweleza mara nyingi na bado anauliza. Mwezi uliopita nikamwambia, Mama, twende Naivasha tukaone ndege. Alinyamaza muda mrefu akichambua sukuma, kisha akasema, "Sawa, mama." (Ananiita mama kwa sababu mimi nimerithi jina la mamake.)

Tulipanda matatu ya alfajiri mpaka Naivasha mjini, halafu nyingine ya kuingia Karagita. Kijana wa boti alitaka shilingi 3,000 kwa saa, tukapatana 2,500, tuzunguke Kisiwa cha Crescent bila kushuka kwa sababu ya magoti ya Mama. Alisisitiza tuanze mara moja. Asubuhi maji yametulia, ila mchana upepo huinuka na mawimbi huwa makali. Jina lenyewe la Naivasha limetoka kwenye neno la Kimaasai linalosema hivyo hivyo, maji yanayochafuka.

Mama alikaa katikati, mikono miwili imeshika ubao, macho yameelekea sakafu ya boti. Kwa dakika kumi za kwanza sidhani aliona kitu.

Kilichomwinua kichwa ni miti. Maji ya Naivasha nayo yamepanda, mwaka 2020 yakaingia hadi kwenye nyumba za watu, na migunga iliyokuwa kando ya ziwa sasa imekufa wima ndani ya maji. Ni msitu mzima wa matawi makavu, meupe kwa kinyesi cha ndege. Kila tawi lina mnandi, ndege mweusi anayezamia samaki. Wengine walikuwa wamefungua mabawa na kutulia hivyo, kama nguo kwenye kamba. Kapteni alizima injini, akatueleza kwamba manyoya ya mnandi hulowa anapozama kufuata samaki, kwa hiyo akitoka lazima ajianike kwanza. Mama alimtazama mmoja kwa muda. "Amechoka," akasema.

Mbele kidogo, kwenye zulia la magugumaji, alitembea ndege mdogo wa rangi ya kahawia iliyokolea, na kipande cha samawati kwenye paji la uso. Vidole vyake ni virefu kupita kiasi, vimetawanyika juu ya majani kama njiti za mwavuli, ndiyo maana hazami. Kapteni alituambia tusubiri. Ndege akainama, na kutoka chini ya bawa lake vikaning'inia vijiguu vyembamba, jozi moja, mbili. Vifaranga. Alikuwa amewabeba kwapani.

"Huyo ni baba yao," kapteni akasema. "Mama akishataga anaenda zake. Anayeatamia na kulea ni baba."

Mama alicheka kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi, cha kuinua mabega. "Shosho, sikudanganyi!" kapteni akasema, naye Mama akamjibu, "Nakuamini kijana wangu, ila sijawahi kumwona." Alilea watoto wanne peke yake. Aliinama mbele, mikono ikaachia ubao, na kuanzia hapo hakuushika tena.

Viboko tuliwapita mbali. Nilihesabu tisa, masikio na pua tu, na pumzi zao zilisikika kama mtu anayepuliza jiko la mkaa. Kapteni hakukaribia hata nilipoinua simu. Alisema kiboko hachezewi na mtu, na kwamba siku hizi usiku wanatoka kula nyasi hadi karibu na milango ya watu, kwa sababu malisho yao ya zamani yamezama. Nikampenda kwa kukataa.

Kisiwa chenyewe kina umbo la mwezi mwandamo kwa sababu ni ukingo wa kasoko ya volkano ya kale. Sehemu iliyobaki ya ukingo iko chini ya maji, na ndani ya mkono wa kisiwa ndipo ziwa lina kina kirefu kuliko kwingine kote. Simba hakuna, kwa hiyo wanyama wametulia na watu hutembea kati yao kwa miguu. Tuliwaona kutokea majini: punda milia, nyumbu wachache, twiga wawili shingo zao zikipita juu ya migunga mibichi, na karibu kabisa nasi kuro dume aliyesimama hadi magotini akila majani ya majini. Maji yalimchuruzika kidevuni. Alituangalia, akaendelea kutafuna. Kandoni mwake alikuwa amesimama korongo wa kijivu kwa mguu mmoja, na Mama akasema papo hapo, bila kufikiri, "Huo mguu ni sentimita 60." Baadaye kidogo akauangalia tena. "Hapana. Hamsini."

Ni pale, boti ilipogeuka upande wa pili wa kisiwa, ndipo tulipoiona nchi kavu tuliyotoka. Sikuwahi kuitazama kutoka majini. Paa za plastiki za nyumba za maua zimepangana kandokando ya ziwa, na jua la saa tatu lilipozipiga ziling'aa kama ziwa la pili lililolazwa juu ya ardhi. Mama alianza kuonyesha kwa kidole. Alikuwa anatafuta yake. Alianzia kwenye mnara wa maji, akahesabu paa kuelekea kulia, akapotea, akaanza upya. Midomo ilikuwa inatembea. Kapteni, bila kuambiwa, aliiacha boti ielee.

"Ile pale," akasema mwishowe. "Ama ni ya pili yake." Kisha: "Kumbe ilikuwa karibu hivi na maji."

Alisema mara mbili. Kumbe ilikuwa karibu hivi. Nilitaka kumshika mkono nikaona afadhali nimwache.

Ndipo kapteni, nadhani kwa kutaka kutuchangamsha, alipotoa samaki kwenye ndoo. Alikuwa tilapia mdogo, aliyekwisha kufa, na mdomoni amechomekwa kijiti cha funjo, mkato wa urefu wa kidole. Funjo lina povu ndani na huelea, kwa hiyo samaki hatazama. Juu ya mgunga mkavu alikaa furukombe, yule tai mla samaki, kichwa na kifua vyeupe kama vimetumbukizwa kwenye unga, tumbo la kahawia, mabawa meusi. Kapteni alitufundisha namna ya kushika simu: yeye angepiga mluzi, angemwonyesha ndege samaki, angemrusha, na furukombe angeshuka makucha mbele na kumnyakua mbele ya macho yetu. Nimeziona picha za aina hiyo. Ni nzuri mno. Wageni wengi wanazifuata hizo, na bakshishi yake, alituambia waziwazi, hutoka hapo.

"Usimwite," Mama akasema.

Kapteni akashusha mkono. "Shosho?"

"Usimpigie mluzi. Tumngoje afanye kazi yake."

Miaka yote ile Mama aliamka kwa honi ya basi, akala kwa king'ora, akarudi mezani kwa king'ora. Hakuyataja, wala mimi sikuyataja. Nilimwambia kapteni tutalipia muda wowote utakaozidi, akatikisa kichwa, akakaa, akamlaza samaki juu ya kitambaa, na tukangoja.

Tulingoja dakika ishirini na zaidi. Furukombe wa pili alikuja kutua tawi la juu, na wote wawili wakarudisha vichwa nyuma hadi karibu kugusa mgongo, wakapaza sauti, mmoja akimdakia mwenzake maneno. Sauti ile inafika kifuani. Halafu kimya tena. Boti iliguswaguswa na maji. Mama hakuondoa macho.

Kwenye maji wazi, labda mita thelathini kutoka kwetu, mnandi alikuwa anawinda. Anazama, unahesabu, anaibuka mahali usipotazamia, mdomo mtupu. Anazama tena. Nilimwona akifanya hivyo mara sita au saba. Mara ya mwisho aliibuka na samaki amemshika kwa ubavu, anamgeuza ili ammeze kwa kichwa, na hapo furukombe akaondoka tawini. Alishuka moja kwa moja juu yake. Mnandi alipiga mabawa majini, akakimbia nusu akiruka nusu akiogelea, akamwachia samaki. Furukombe alizunguka mara moja, akamchukua kwa mguu mmoja, akarudi mtini kwa mwenzake.

Simu yangu ilikuwa mkononi na sikupiga picha.

"Hufanya hivyo," kapteni akasema taratibu. "Hata kwa korongo. Akiona amepata, anamnyang'anya."

Mama alikuwa bado anamtazama mnandi, ambaye alikuwa ametulia juu ya maji, shingo juu, kama anayejaribu kukumbuka jambo. "Lakini yule mweusi alikuwa ameshafanya kazi," akasema. "Amezama muda wote ule."

Akanyoosha mkono kuomba samaki. Kapteni alimpa, na nadhani alifikiri sasa atamrusha kwa furukombe, kwa maana alianza kuvuta pumzi ya mluzi. Mama alimweka samaki kwenye kiganja cha kushoto. Kidole gumba chake cha kulia kina kovu nyeupe za miiba ya waridi, nyingi, zimepandana. Kwa kidole hicho na cha shahada alikikamata kijiti, akakivuta polepole ili asiuchane mdomo, akakiweka kando.

"Bila kijiti atazama, shosho," kapteni akasema. "Furukombe hatamwona."

"Ndiyo," Mama akasema. "Anayejua kuzama ni yule mwingine."

Akainama juu ya ukingo wa boti, upande aliko mnandi, na kumwachia samaki majini. Tuliona ubavu wake ukimeta mara moja, kijani, kisha haukuonekana. Mama aliosha mikono ziwani, vizuri, hadi kwenye viwiko, akajipangusa na leso yake. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa noti ya 200 na kumpa kapteni.

"Hii ni ile ya picha," akamwambia.

Kapteni aliipokea kwa mikono miwili. Mnandi alikuwa ameshazama. Tulingoja tena kidogo, lakini upepo ulikuwa umeanza, na ilibidi kugeuza boti.