Djibril Diop Mambéty na Binti Muuza Magazeti

Djibril Diop Mambéty, mwongozaji wa Senegal aliyezaliwa mwaka 1945 huko Colobane, jirani na Dakar, hakusomea filamu chuoni. Alianza kama mwigizaji wa jukwaani, akajifunza utengenezaji wa filamu mwenyewe, na mwaka 1973 akatoa Touki Bouki, iliyomjengea jina duniani. Lakini kazi zinazonigusa zaidi ni zile fupi za mwishoni mwa maisha yake, alizokusudia ziwe tatu, zote zikiwa visa vya walalahoi. Ya kwanza, Le Franc, ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule ambao faranga ya CFA, sarafu ya Senegal, ilipunguzwa thamani kwa nusu. Ya pili, La petite vendeuse de Soleil, yaani binti muuza gazeti la Soleil, ilionyeshwa baada ya yeye kufariki dunia jijini Paris mwaka 1998, na ya tatu hakujaliwa kuitengeneza.

Hiyo ya pili, ya dakika 45 na kwa lugha ya Kiwolofu, inamfuata Sili, binti mwenye ulemavu wa miguu anayetembea kwa magongo, na ambaye bibi yake kipofu huimba barabarani akisubiri sadaka. Sili anaona kuwa kazi wanayoifanya wavulana hata yeye anaiweza, hivyo anakwenda kuomba magazeti ya kuuza, naye anapewa nakala 13 za Soleil. Bwana mmoja mwenye uwezo anazinunua zote kwa mkupuo, na mara askari anamshuku kuwa fedha hizo ameziiba. Kituoni Sili anajieleza bila kutetemeka, kisha anamtetea pia mwanamke aliyewekwa mahabusu kwa tuhuma za wizi.

Mambéty hatuombi tumhurumie binti huyu. Kamera inampa muda wa kutembea kwa mwendo wake, gongo likitangulia na mguu ukifuata, na inamwacha azungumze kama mtu mwenye msimamo. Soleil ni gazeti la serikali, ilhali wavulana wanauza Sud, linalopendwa zaidi na wananchi. Anapoulizwa kwa nini naye asiuze Sud, Sili anajibu kwamba ataendelea na Soleil ili serikali iwakaribie watu. Ni jibu la mtu anayejihesabu kuwa raia kamili, na kwangu ndilo kiini cha filamu nzima. Kwetu, mtu mwenye ulemavu akionekana kwenye televisheni, mara nyingi chini ya picha yake huwa pana namba ya simu ya kutumia michango, na ni nadra sana kuulizwa anaionaje serikali yake. Jambo hilo linaniuma.

Natamani vituo vyetu vya televisheni viipate filamu hii na kuitia tafsiri ya Kiswahili, kwa kuwa urefu wake unaenea vizuri katika kipindi kimoja cha jioni, saa ambayo watoto bado hawajalala.