Nilivyouza Land Rover 109 yenye bodi iliyobadilishwa

Ni Series III ya mwaka 1978, chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) ndefu, niliyoifufua polepole na mafundi wa hapa Arusha. Nilipotangaza kuiuza, dalali akanivuta pembeni: "Bro, sema bodi ni orijino. Nani atajua?" Nikamwambia atajua yeyote mwenye sumaku.

Magari haya yalianza kutengenezwa 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake karibu yote ni aloi ya alumini. Sumaku haishiki. Kwangu, fenda ya kushoto ilitoka kwenye gari lililokatwa spea, hiyo ni alumini safi. Ya kulia ilikosekana kabisa, fundi bodi akaichonga kwa bati la chuma. Milango nayo ina fremu ya chuma iliyovikwa alumini, na maji yakituama pale chini metali hizo zinapogusana, alumini hugeuka unga mweupe. Chini yote tulikata tukaweka mpya.

Nikayaandika hayo yote kwenye tangazo, na fenda ya chuma niliitaja kwa upande wake. Simu zikapungua, sikatai. Kuna aliyetaka kunipa bei ya chuma chakavu, eti gari "limeungwaungwa". Huyo hajui Land Rover. Fenda unafungua boliti unaweka nyingine. Kinachoua gari hili ni chesisi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Vikishaoza hivyo, rangi nzuri ni ya kupigia picha tu.

Kwa hiyo nilichokuwa nauza hasa ni picha. Bodi ilipokuwa imevuliwa yote niliipiga picha chesisi ikiwa tupu, kabla ya kuchomelewa na baada, halafu ikiwa na rangi ya kuzuia kutu. Risiti za spea nilikuwa nazo kwenye bahasha.

Aliyenunua ni mwenye kambi ya watalii kule Karatu. Alikuja na fundi wake, mzee mmoja mkimya, mfukoni ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio. Akaipitisha kwenye boneti, ikateleza. Fenda ya kushoto, ikateleza. Kulia, tap! Akanitazama.

"Hii ndiyo ile uliyoandika?"

"Ndiyo yenyewe. Hakuna puti ya kufichia mabonde, gonga usikie."

Akagonga, akasikiliza, kisha akaingia uvunguni na bisibisi akawa anachokoa chesisi kipande kwa kipande. Alipotoka alifuta grisi iliyoshika vumbi kwenye chesisi, mbele kulia, karibu na springi, akasoma namba iliyogongwa pale na kuilinganisha na kadi. Rangi pia ililingana; niliirudishia kijani ileile makusudi, sikutaka maswali.

Tulivutana kwenye fenda tu. Alitaka nipunguze gharama ya kutafuta ya alumini, nikaona ni haki, nikapunguza. Mkataba tukausaini kwa mwanasheria, pamoja na orodha ya vilivyobadilishwa, kila upande na nakala yake. Tukaenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadili umiliki kabla hajaliondoa gari, maana sikutaka faini zake zije kwa jina langu.

Jioni dalali akapiga kuulizia asilimia kumi yake. Nikamtumia hela ya soda.