Bizerte, Walikotia Nanga Makabaila wa Urusi

Hadithi za kutisha kuhusu makabaila wa Urusi waliosalimika baada ya Mapinduzi ya 1917 hazikosi jumba kuukuu na mzuka wa babu asiyekubali kwamba Tsar hayupo tena. Jumba la namna hiyo lilikuwepo kweli, ila lilikuwa la chuma na lilielea majini, na ndilo lililonitoa Tunis alfajiri kwa teksi ya abiria wengi hadi Bizerte, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Tunisia.

Novemba 1920, jeshi la Jenerali Wrangel, lililopinga Mapinduzi, liliposhindwa huko Crimea na Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika madaraka, watu wapatao 145,000 walikimbilia Constantinople (Istanbul ya leo) kwa meli. Kutoka huko, meli 33 zenye watu wapatao 6,000 ziliendelea hadi Bizerte, wakati huo ikiwa chini ya Wafaransa. Manowari chakavu iitwayo Georgii Pobedonosets iligeuzwa makazi ya familia, na humo ndimo alimokulia Anastasia Manstein, binti wa ofisa wa wanamaji, aliyefika akiwa na miaka 8.

Oktoba 1924, Ufaransa ilipoitambua serikali ya Kisovieti, bendera ya Mtakatifu Andrea, ya wanamaji wa Tsar, ilishushwa, na maofisa wale wakabaki bila jeshi wala nchi. Nilipoingia katika kanisa dogo la Kiorthodoksi walilojijengea katika miaka ya 1930, niliikuta bendera hiyo ndani: nyeupe, yenye msalaba wa buluu uliolazwa mshazari, imetundikwa kuwa pazia la mlango wa madhabahu. Karibu yake kuna bamba la marumaru lenye majina ya meli, yaliyopangwa kama majina ya marehemu.

Anastasia aliolewa katika ukoo wa Shirinsky, akafundisha hesabu mjini humo kwa miaka mingi; Bertrand Delanoë, aliyekuja kuwa meya wa Paris, alikuwa mwanafunzi wake. Hakukubali kuchukua uraia wa nchi yoyote hadi alipopewa wa Urusi mwaka 1997, na kwangu mimi ukaidi huo unasisimua kuliko mzuka wowote wa riwayani. Alifariki mwaka 2009.

Uwanja ulio karibu na kanisa una jina lake. Dereva aliyenirudisha Tunis hakuwa na habari za Wrangel wala manowari. Kwake yeye, Anastasia ni mwalimu wa hesabu, basi.